Nauli ya Kifurushi na Mistari ya Bakodi: Tupige Hesabu Kabla ya Kuuza kwa Intaneti



Katika somo la leo tutaongea juu ya mambo mawili yanayosumbua vikundi vingi vilivyoanza kuuza bidhaa kwa intaneti. La kwanza ni nauli ya kifurushi, yaani gharama yote ya kufikisha mzigo mkononi mwa mnunuzi. La pili ni ile mistari myeusi na myeupe inayobandikwa kwenye bidhaa. Kwenye vitabu mistari hiyo huitwa msimbo pau, lakini huku kwetu kila mtu husema bakodi, nasi tutasema hivyo hivyo. Someni somo hili pamoja, daftari la mweka hazina likiwa wazi mezani, na kama kuna mizani karibu, iletwe.

Tuanze na yale tuliyoyaona wenyewe huko Kangemi, upande wa magharibi wa Nairobi. Kuna kikundi cha akina mama hapo ambacho hununua asali kutoka Mwingi, huichuja, na kuipakia katika chupa za kioo za gramu 500. Kwa muda mrefu waliuza kwa majirani na katika maofisi ya Westlands, wakibeba asali kwa kikapu. Hawakutajirika lakini hawakupata hasara. Halafu binti wa mmoja wao, aliyemaliza chuo, akawafungulia duka kwenye soko la intaneti. Masoko haya si mageni tena kwetu. Jumia ilianza Kenya mwaka 2013 na Kilimall ikafuata 2014, na siku hizi wako watu wa Kawangware na Kinoo ambao kazi yao ni kuuza huko tu. Soko walilotumia hatutalitaja, maanake kosa halikuwa la soko.

Waliweka bei ya shilingi 600 kwa chupa. Asali ya chupa moja iliwagharimu shilingi 250, chupa 40, na lebo 10. Jumla 300. Kwa hivyo wakasema faida ni shilingi 300 kwa kila chupa. Ili wateja wavutike, wakaandika chini ya picha: "Tunakuletea bure."

Oda zikaja. Chupa 40 zikatoka katika muda wa wiki tano. Mwishoni ujumbe ukaingia kwenye simu ya mweka hazina kwamba wamelipwa shilingi 11,340. Siku hiyo mkutano ulikuwa wa makofi. Wengine walitaka zigawanywe hapo hapo. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida huwa hasemi sana, akauliza, "Na ile asali tuliinunua na pesa za nani?" Pesa zilikuwa zimetoka katika mfuko wa karo, ule ambao kila mama huweka kidogo kidogo ili watoto warudi shule Januari. Walikuwa wamechota humo wakiwa na nia ya kurudisha pamoja na faida.

Walituita tukae nao. Tulipiga hesabu mchana mzima.

HESABU YA CHUPA MOJA

Tufuate chupa moja tangu itoke Kangemi. Soko la intaneti hukata kamisheni kwa kila kitu kinachouzwa. Kwa bidhaa yao ilikuwa shilingi 15 kwa kila mia, kwa hivyo 90 ziliondoka kwenye 600. (Kamisheni si moja kwa bidhaa zote. Nguo ina yake, chakula kina yake, na hubadilika. Ulizeni kabla ya kuweka bei.) Boksi dogo, ile nailoni yenye vipovu vya hewa, na selotepu vilikula 45. Kupeleka mizigo hadi kituo cha kupokea, kwa matatu na wakati mwingine boda boda, kulikula kama 30 kwa kila chupa. Halafu ile nauli ya kumfikia mteja, waliyokuwa wameahidi kuwa ni bure, ilikuwa 150. Soko liliikata moja kwa moja kabla ya kuwatumia pesa.

Sasa jumlisheni: 300 za bidhaa, 90 za kamisheni, 45 za kufunga, 30 za kupeleka, 150 za nauli. Inakuwa 615. Chupa iliuzwa 600. Kila chupa iliyofika salama, na mteja akafurahi, ilikula shilingi 15 kutoka kwenye mfuko wa karo.

Na hizo ndizo zilizofika salama, 34. Chupa nne zilirudishwa kwa sababu mwenyewe hakushika simu au alibadilisha nia. Asali ilirudi, lakini 225 za kufunga, kupeleka na nauli hazikurudi. Chupa mbili zilivunjika njiani. Hizo zilipoteza 525 kila moja, kwa sababu hata asali ilimwagika. Hesabu ya mwisho: 34 mara 15 ni 510; 4 mara 225 ni 900; 2 mara 525 ni 1,050. Hasara yote ni shilingi 2,460.

Akina mama hawa hawakuwa wavivu wala wajinga, na hakuna aliyeiba. Ujumbe wa simu ulisema 11,340 zimeingia, na ni kweli ziliingia. Lakini ujumbe ule hauonyeshi zile 15,000 zilizotoka mapema kununua asali, chupa, lebo na maboksi na kulipa matatu. Pesa iliyoingia kwa simu si faida. Tunarudia jambo hili kwa sababu vikundi vitatu tulivyozungumza navyo baadaye vilikuwa vimeanguka mahali hapo hapo.

NANI ALIPE NAULI?

Neno "bure" ni tamu lakini kuna mtu anayelilipia. Mwendesha boda hajazi petroli ya bure. Aidha mteja atalipa nauli akiiona waziwazi, au mtaificha ndani ya bei, au mtailipa ninyi. Hakuna njia ya nne.

Kuificha ndani ya bei si dhambi, bora mjue mmeificha. Lakini kwa kitu cha bei ndogo huwa haiwezekani. Nauli ya 150 juu ya asali ya 600 ni robo ya bei. Juu ya godoro la shilingi 9,000 haionekani. Ndiyo sababu vitu vidogo vidogo vya bei nafuu, sabuni, njugu, asali, unga wa mlonge, haviendi vizuri kimoja kimoja kwa intaneti hata vikiwa vizuri namna gani.

Kikundi cha Kangemi kiliponywa na jambo rahisi. Walianza kuuza chupa tatu pamoja kama bidhaa moja, kwa 1,800. Kamisheni ikawa 270. Kufunga 70, maana boksi ni moja. Kupeleka 40. Nauli ikabaki 150, kwa sababu boksi la chupa tatu halikuvuka kilo 3 na bei ya nauli yao ilikuwa ile ile mpaka hapo. Bidhaa yenyewe 900. Jumla 1,430. Faida 370. Si nyingi, lakini ni faida. Chupa moja moja waliirudisha kwenye kikapu cha Westlands, mahali ambapo nauli ni miguu.

Jambo la pili walilofanya ni kupima. Chupa tupu ya kioo ilikuwa gramu 220. Ikijaa asali inafika gramu 720. Chupa ya plastiki ya ukubwa ule ule ilikuwa gramu 40 tu. Kwa hivyo chupa tano za kioo ni kilo 3.6, na tano za plastiki ni kilo 2.7. Pale nauli inapopanda kwa kila kilo, tofauti hiyo ni pesa, na isitoshe plastiki haivunjiki. Baadhi yao hawakupenda, wakisema asali kwenye kioo ina heshima. Ni kweli ina heshima. Basi wakaamua kioo kiwe cha wateja wa kikapu.

NJIA ZA KUPELEKA MZIGO NAIROBI

Kwa ninyi mlio mashambani na mnaotuma mzigo Nairobi, au kutoka Nairobi kwenda kwingine, njia ni nyingi kuliko zamani. Magari ya abiria bado ni njia ya watu wengi. Ukifika Nyamakima, Tea Room au River Road utaona vijana wakipokea vifurushi dirishani na kuandika risiti, na mzigo unafika mji mwingine siku hiyo hiyo. Udhaifu wake ni kwamba mzigo hufika stegi, si nyumbani. Mteja lazima atoke kwenda kuuchukua, na wengine hawatoki. Kuna makampuni ya vifurushi kama Fargo na G4S. Na ndani ya Nairobi kuna mtindo wa mawakala, kwa mfano Pickup Mtaani: unaacha kifurushi kwenye duka la mtaa wako na mteja anakichukua kwenye duka la mtaa wake. Kwa vitu vidogo mtindo huu huwa nafuu kuliko boda boda ya kutoka Kangemi mpaka Embakasi.

Boda boda ni haraka lakini bei yake hufuata umbali, jam, na mvua. Nairobi mvua ikinyesha kila nauli hupanda, ya mtu na ya mzigo. Kwa hiyo msiweke kwenye hesabu ile nauli ya siku ya jua mliyolipa mara moja. Wekeni wastani wa mwezi.

Tena, msipeleke mzigo kila siku. Kikundi kimoja cha Kawangware kilikuwa kikimtuma kijana mjini na namba 46 kila oda inapoingia, hata akiwa na kifurushi kimoja. Nauli yake ya kwenda na kurudi ilikuwa kubwa kuliko faida ya kifurushi. Walichagua Jumanne na Ijumaa, wakaandika hivyo kwenye duka lao la intaneti, na wateja hawakulalamika.

Posta haijafa kama wengi wanavyodhani. Shirika la Posta la Kenya lilisimama peke yake mwaka 1999, lile shirika kubwa la posta na simu lilipogawanywa, na ofisi kuu ya Nairobi iko Kenyatta Avenue. Kwa mzigo mdogo wa kwenda ng'ambo bado inafaa kuuliza bei yake kwanza. Kifurushi kidogo cha posta huruhusiwa hadi kilo 2. Ukisajili mzigo unapewa namba ya kufuatilia: herufi mbili, tarakimu tisa, halafu KE mwishoni. Ile KE inasema mzigo umetoka Kenya, na mistari iliyo juu ya namba hiyo ndiyo inayosomwa na mashine katika kila kituo. Andikeni namba hiyo daftarini siku hiyo hiyo. Tumeona risiti za posta zikitumiwa kuwashia jiko.

KIONDO KIMOJA CHAWEZA KUWA NA "KILO" SABA

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu vikundi vya viondo vimeumia sana.

Makampuni ya ndege na ya vifurushi vya haraka hayapimi uzito peke yake. Yanapima pia nafasi ambayo boksi linachukua. Ndege ikijaa viondo haitakuwa nzito, lakini imejaa. Kwa hiyo makampuni ya vifurushi vya haraka huchukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, huzidisha, na kwa kawaida hugawanya kwa 5,000. Jibu huitwa uzito wa ujazo. Kisha hulinganisha na uzito wa mizani, na hutoza ule ulio mkubwa.

Chukueni kiondo kilichowekwa wima ndani ya boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Arobaini mara thelathini mara thelathini ni 36,000. Gawanya kwa 5,000: kilo 7.2. Kiondo chenyewe kwenye mizani, pamoja na boksi, hakifiki kilo moja. Lakini utalipa ya 7.2, na mara nyingi kilo hukuzwa hadi nusu inayofuata, kwa hiyo 7.5. Mama aliyesuka kiondo hicho wiki nzima anaambiwa nauli ya kwenda Uingereza imepita bei ya kiondo mara kadhaa, naye anafikiri anaibiwa. Haibiwi. Anasafirisha hewa.

Sasa kiondo cha katani au cha uzi ni laini. Kikunje kiwe bapa, kiingie kwenye boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 6. Hiyo ni 7,200, ukigawanya ni kilo 1.44, inatozwa 1.5. Kiondo ni kile kile na mnunuzi ni yule yule, lakini kilo sita zimeondoka. Mnunuzi akikipata atakirudisha umbo kwa mvuke wa maji moto au kwa kukijaza magazeti siku mbili. Mwandikieni hivyo kwenye karatasi ndogo ndani ya boksi, asije akadhani kimeharibika. Na mkituma vingi, ingizeni kimoja ndani ya kingine, kidogo ndani ya kikubwa, kama sufuria kabatini. Nunueni maboksi kufuata kiondo, si kiondo kufuata boksi lililookotwa dukani.

Kwa wanaouza Marekani: zamani kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kiliingia huko bila ushuru. Msamaha huo uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Yeyote anayewaambia kwamba vifurushi vidogo vinaingia bure anaongea habari za zamani. Mjue mapema nani atalipa ushuru, ninyi au mnunuzi, na mwandikiane kabla mzigo haujatoka.

MISTARI YA BAKODI

Sasa tugeukie bakodi. Kwanza hadithi ya kuchekesha, ingawa wenyewe hawakucheka.

Wale wale wa Kangemi waliambiwa kwamba bila bakodi hawawezi kuuza kwenye supamaketi. Hilo ni kweli kwa supamaketi nyingi. Wakaenda mjini kwenye saiba fulani, wakamwambia kijana wanataka bakodi. Kijana akasema ni shilingi 500, subirini dakika tano. Akachapa. Wakalipa tena kuchapishiwa lebo 200 zenye mistari ile. Walipopeleka asali kwa karani wa kununua bidhaa wa supamaketi moja, karani akachukua chupa, akaipitisha kwenye mashine. Mashine ikalia, na kwenye kioo ikaandika sabuni ya kufulia. Kijana alikuwa amenakili namba ya kitu kilichokuwa mezani pake. Akina mama waliondoka na asali yao, na jioni walikaa wakikwangua lebo 200 kwa kisu na maji moto.

Basi bakodi ni nini? Si muhuri wa ubora wala leseni, na haina bei ndani yake. Ni namba tu, iliyoandikwa kwa mistari ili mashine iweze kuisoma haraka. Bei imo ndani ya kompyuta ya duka. Mashine husoma namba, kompyuta hutafuta: namba hii ni nini, na leo ni pesa ngapi? Ndiyo maana duka moja linaweza kuuza asali yenu 650 na lingine 700, na mistari ni ile ile.

Wazo hili si la jana. Mmarekani Norman Joseph Woodland alichora mistari ya kwanza kwa vidole kwenye mchanga wa ufukwe wa Miami, akiwaza juu ya nukta na vistari vya simu ya upepo. Yeye na mwenzake Bernard Silver walipata hati ya uvumbuzi mwaka 1952, lakini mashine nzuri za kusoma zilikuwa bado. Bidhaa ya kwanza kupitishwa dukani kwa mistari tunayoijua leo ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Ilikuwa senti 67.

Namba ya kawaida ina tarakimu 13. Zinazotolewa kupitia ofisi ya Kenya, GS1 Kenya, huanza na 616. Za Tanzania huanza na 620. Watu wengi husema 616 maana yake "imetengenezwa Kenya". Hapana. Maana yake ni kwamba mwenye namba alijiandikisha Kenya tu. Baada ya 616 huja tarakimu za kampuni au kikundi, kisha za bidhaa, na ya mwisho kabisa ni ya kuhakikisha.

Hiyo ya mwisho mnaweza kuipiga hesabu wenyewe, na vijana wa kikundi hupenda zoezi hili. Tuchukue namba ya mfano tu, tarakimu 12 za mwanzo: 6 1 6 1 2 3 4 5 6 7 8 0. Jumlisheni zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6+6+2+4+6+8 ni 32. Jumlisheni zilizo nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 1+1+3+5+7+0 ni 17, zidisheni kwa 3, ni 51. 32 na 51 ni 83. Mpaka kumi inayofuata, yaani 90, imebaki 7. Basi tarakimu ya 13 ni 7. Mkipewa namba ambayo haikubali hesabu hii, imeandikwa vibaya. Lakini jihadharini: namba iliyoibwa hukubali hesabu vizuri sana. Ile ya sabuni ya kufulia ilikubali. Kwa hiyo angalieni pia kwenye tovuti ya Verified by GS1, mahali mtu yeyote anaweza kuandika namba na kuona ni ya nani.

Njia ya halali ni kujiandikisha na GS1 Kenya na kulipa ada yao, ambayo si ya mara moja tu bali hulipwa kila mwaka. Kikundi kiwe kimeandikishwa kwanza. Siku hizi vikundi huandikishwa chini ya Sheria ya Uandikishaji wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kwa hiyo kama cheti chenu ni cha zamani, ulizeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii kama kinatosha. Kwa chakula, supamaketi itauliza pia alama ya ubora ya KEBS. Bakodi haichukui nafasi ya alama hiyo.

Je, mnaihitaji? Kama mnauza viondo, shanga, au kazi ya mbao, na mnauza kwa simu au kwenye masoko ya intaneti ya hapa, mara nyingi hamhitaji. Msikubali kutishwa. Ulizeni soko lenyewe kabla ya kutoa shilingi moja. Kama mnataka kuingia Naivas au Quickmart, au kuuza Amazon, ambako kwa bidhaa nyingi huulizwa namba halali na huangaliwa ni ya nani, basi jiandikisheni na muweke ada hiyo kwenye hesabu ya bei. Ada ya mwaka igawanywe kwa chupa mnazotarajia kuuza kwa mwaka. Kwa chupa 5,000 ni kidogo tu kwa kila moja. Kwa chupa 100 inaweza kumeza faida yote.

Mkishapata namba, kila ukubwa una namba yake. Asali ya gramu 250, ya 500 na ya kilo moja ni namba tatu. Mchapaji wa River Road atawauliza mnataka rangi gani. Mwambieni nyeusi juu ya nyeupe. Mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu haiioni kabisa, hata kama inapendeza na rangi ya asali. Mistari isibanwe iwe midogo mno. Kipimo chake cha kawaida ni upana wa milimita 37 hivi, na isipungue asilimia 80 ya hapo. Pande zote mbili iachwe nafasi nyeupe. Kwa chupa nyembamba ya mviringo, geuzeni mistari ilale kama vidaraja vya ngazi, la sivyo inajipinda na mashine haisomi. Na futeni chupa kabla ya kubandika. Stika haishiki juu ya asali.

LEBO YA MZIGO NI KITU KINGINE

Vikundi vingi huchanganya hapa. Bakodi ya bidhaa hubaki ile ile miaka yote. Lakini mteja akiagiza kwenye soko la intaneti, soko hutoa lebo nyingine ya kuchapisha, nayo ina mistari yake. Hiyo ni ya kifurushi hicho kimoja na mteja huyo mmoja. Ukiibandika kwenye boksi lisilo lake, asali ya mtu wa Kileleshwa itaenda Rongai, na nauli ya kurudi ni yenu.

Ibandikeni upande ulio bapa, isikunjwe kwenye kona, na selotepu isipite juu ya mistari ikajikunja. Boksi la zamani likitumika tena, ondoeni lebo ya zamani kabisa. Mashine haijui ipi ni ya leo. Na hata kukiwa na mistari mizuri namna gani, andikeni kwa kalamu nzito jina na simu ya mpokeaji. Nyumba nyingi za Nairobi huelekezwa kwa "nyuma ya kanisa, geti ya bluu", na hakuna mashine inayosoma hiyo.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni bidhaa moja tu mnayouza. Ifungeni kama ya kumpelekea mteja, ipimeni kwa mizani, na pimeni boksi kwa futi ya fundi. Kisha jibuni pamoja:

1. Kifurushi hiki ni kilo ngapi kwenye mizani, na ni kilo ngapi kwa ujazo?
2. Tukitoa kamisheni, kufunga, kupeleka na nauli, kunabaki nini juu ya gharama ya bidhaa?
3. Kati ya vifurushi kumi vya mwisho, vingapi vilirudi au kuharibika, na gharama hiyo iliandikwa wapi?
4. Kama tuna bakodi, ni ya nani?

Kikundi cha Kangemi kilirudisha pesa zote za karo kufikia Machi, wiki nane baada ya shule kufunguliwa. Watoto wawili walikuwa wamekaa nyumbani wiki hizo. Mama yule mzee sasa ndiye anayeshika mizani.